SOMO LETU: VIJIDUDU WA UDONGO WA PWANI NA UCHAFU WA VIWANDANI



Katika masomo yetu tumezoea kuzungumza juu ya mshahara, saa za kazi, likizo na fidia ya ajali. Leo tunazungumza juu ya tope. Wengine watauliza: Tope linakihusu nini chama cha wafanyakazi? Tunawaomba wasome mpaka mwisho, maana ndani ya somo hili limo jambo ambalo limewaua wafanyakazi katika nchi nyingi, na waliokufa wengi hawakujua kilichowaua.

Tena wasiseme wenzetu walio bara kwamba pwani ni mbali. Petroli ya magari yetu, mbolea ya mashamba ya miwa na chai, na mashine za viwanda vyetu hupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, limepangwa kufika Chongoleani karibu na Tanga. Basi kikimwagika kitu pwani, huwa ni mali iliyokuwa njiani kuja kwetu au kutoka kwetu.

1. VIJIDUDU NI AKINA NANI?

Tunaposema vijidudu hapa, tuna maana ya viumbe hai wadogo mno, ambao jicho haliwezi kuwaona bila darubini. Wengi wao huitwa bakteria. Gramu moja ya udongo mzuri, yaani kiasi cha kubeba kwenye ncha ya kijiko, huweza kuwa na bakteria mamilioni mengi, hata kufika bilioni moja.

Watu wengi wakisikia bakteria hufikiri ugonjwa tu. Ni kweli wako wanaoleta kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini walio wengi hawana ugomvi na mtu. Kazi yao ni kuozesha. Jani likianguka, samaki akifa, mzoga ukitupwa, wao huvila na kuvivunja mpaka vikawa chakula cha mimea. Bila wao majani ya miaka yote yangelala chini bila kuoza, na shamba lisingepata rutuba. Wako pia wanaochukua nitrojeni iliyomo hewani na kuigeuza mbolea. Kazi hiyo wanaifanya usiku na mchana bila malipo, na mwenye kiwanda cha mbolea huifanya hiyohiyo kwa moto mkali na gharama kubwa.

2. TOPE LA MIKOKONI

Aliyewahi kupita katika mikoko maji yakiwa yametoka, anaijua ile harufu ya yai viza. Anajua pia kwamba juu tope ni la kahawia, lakini ukizamisha mguu linatoka jeusi. Sababu yake ni vijidudu.

Hewa ya oksijeni huingia katika tope kwa milimita chache tu. Hapo juu wanaishi vijidudu wanaovuta oksijeni kama sisi. Chini yake hakuna hewa, lakini hakukosi uhai. Kuna bakteria wanaotumia chumvi fulani ya maji ya bahari, iitwayo salfeti, mahali pa oksijeni. Lita moja ya maji ya bahari ina salfeti karibu gramu 2.7, kwa hiyo hawakosi. Wakishaitumia hutoa gesi iitwayo haidrojeni salfaidi. Hiyo ndiyo harufu ya yai viza. Gesi hiyo ikikutana na chuma kilichomo udongoni, tope huwa jeusi.

Tulishike jambo hili, maana tutalirudia: Mahali penye uchafu wa kuoza na pasipo hewa, vijidudu hutengeneza gesi ya yai viza.

Mikoko imejifunza kuishi katika tope hilo. Mchu na mlilana hutoa mizizi inayosimama juu ya tope kama vijiti, ili ivute hewa. Kaa nao huchimba mashimo, na hewa kidogo huingia kwa njia hiyo. Kando ya mizizi na mashimo hayo, vijidudu wa hewani na vijidudu wa gizani hukaa jirani na kugawana kazi. Mmoja hugeuza uchafu wa nitrojeni kuwa naitreti, na huyo anahitaji hewa. Mwingine huichukua naitreti hiyo na kuirudisha angani kama gesi, na huyo hufanya kazi pasipo hewa. Hivyo ndivyo mikoko inavyochuja maji machafu kabla hayajafika kwenye matumbawe na kwenye samaki.

Ni kama mashine mbili katika kiwanda zinazolishana. Ya kwanza ikisimama, ya pili haina la kufanya. Sasa tuone uchafu wa binadamu unaisimamishaje.

3. MAFUTA

Mwaka 1988 tanki la mafuta lilitoboka mjini Mombasa. Kiasi cha tani 5,000 za mafuta kilimwagikia katika mlango wa bahari wa Makupa, na mikoko iliyokuwa karibu ikafa. Miaka miwili kabla yake, mwezi wa Aprili 1986, tanki la kiwanda cha kusafishia mafuta lilipasuka katika pwani ya Panama, Amerika ya Kati. Huko nako mikoko ilikufa, na wataalamu walipolichimba tope miaka mitano baadaye waliyakuta mafuta bado yamo.

Kwa nini yakae hivyo? Mafuta yakifunika ile mizizi ya hewa, mti hukosa pumzi. Kisha huteremka kwa mashimo ya kaa mpaka kwenye tope jeusi. Kweli, wako bakteria wanaokula mafuta. Katika bahari nyingi wapo wachache siku zote. Lakini wanaokula haraka wanahitaji hewa, na huko chini haipo. Wale wasiotumia hewa hula polepole sana. Kwa hiyo mafuta yaliyozama katika tope hukaa miaka mingi, na kila maji yanapojaa na kutoka, kiasi kidogo hutoka tena.

Tulinganishe na pwani ya aina nyingine. Tarehe 24 Machi 1989 meli Exxon Valdez ilipanda mwamba huko Alaska, Marekani, na kumwaga tani zipatazo 37,000 za mafuta ghafi. Pwani ya huko ni ya mawe na changarawe, hewa inapita. Mafuta ni chakula, lakini ni chakula kisicho na nitrojeni wala fosforasi ya kutosha, kama mtu anayekula muhogo mtupu kila siku. Wataalamu wakatia mbolea juu ya mawe, na bakteria wakayala mafuta ya juu upesi zaidi. Lakini mafuta yaliyojificha chini ya changarawe, pasipo hewa, yalikutwa bado yapo zaidi ya miaka 20 baadaye.

Tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa kuchimba mafuta uitwao Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Mexico. Wafanyakazi 11 walikufa. Mafuta yalipofika kwenye mchanga wa pwani, bakteria walao mafuta waliongezeka mno, na aina nyingine zikapungua. Hilo nalo ni madhara. Udongo unahitaji mafundi wa kila kazi, na pakibaki wa aina moja, kazi nyingine hulala.

Fundisho ni hili: Vijidudu husaidia kusafisha, lakini hawawezi kumsamehe mtu uzembe wake. Katika mchanga wenye hewa watasaidia. Katika tope la mikoko mafuta yakishaingia, hakuna ufagio wala mbolea ya kuyatoa. Maji yakimwagika hayazoleki, na mafuta ni zaidi. Ndiyo maana tanki bovu lazima litengenezwe kabla halijatoboka, na fundi anayesema "tanki hili linavuja" asikilizwe siku hiyohiyo.

4. MAJI YA VYOO NA MABAKI YA MASHAMBA

Uchafu wa pili hauna sumu kwa asili yake. Ni chakula kilichozidi. Maji ya vyoo, maji ya kiwanda cha samaki, maganda ya kahawa, molasi ya miwa, yote haya vijidudu wanayapenda. Ukiwapa kidogo, watachuja. Ukiwamwagia mengi kwa mara moja, watakula kwa pupa na kuimaliza oksijeni yote ya maji na ya tope la juu. Hapo ile mashine ya kwanza, inayohitaji hewa, inasimama. Ya pili nayo inakosa kazi. Wanaobaki ni wale wa salfeti, nao hutoa gesi ya yai viza kwa wingi. Samaki wanakimbia au kufa, kaa wanahama, na mizizi inadhurika.

Mbolea ya chumvichumvi ikioshwa na mvua kutoka mashambani hadi baharini, nayo huleta matata. Vijidudu wakipata naitreti kupita kiasi, sehemu yake hutoka kama gesi iitwayo naitrasi oksaidi. Kilo moja ya gesi hiyo hupasha dunia joto kuliko kilo 250 za hewa ya moshi wa kawaida, yaani kabonidayoksaidi.

Wafanyakazi wa mkonge wa Tanga wanaujua mfano mzuri. Katika kila kilo 100 za majani yanayoingia korona, singa inayopatikana ni kilo 4 hivi. Yanayobaki yote ni maji makali na nyama ya majani. Kwa miaka mingi mabaki hayo yalitupwa mitoni au kuachwa yaoze katika marundo, na mito ya huko huishia baharini. Lakini katika miaka ya 2000, huko Hale, ulijengwa mtambo wa kuyatia mabaki hayo katika tanki lililofungwa. Humo ndani vijidudu wasiotaka hewa huyala na kutoa gesi inayowaka, na gesi hiyo huweza kuendesha jenereta ya umeme. Vijidudu wa ukoo uleule wanaofanya mto unuke, wakitiwa mahali pao wanawasha taa. Kwa hiyo mwajiri akituambia kwamba uchafu lazima uende mtoni kwa kuwa hakuna njia nyingine, tumjibu kwamba njia ipo na imejaribiwa.

Wa Kampala nao wana mfano wao. Kinamasi cha Nakivubo hupokea maji machafu ya mji kabla hayajaingia Ziwa Victoria, na mji hunywa maji yanayovutwa kutoka ziwa hilo huko Ggaba. Tope la mafunjo linafanya kazi ile inayofanywa na tope la mikoko. Kila kipande cha kinamasi kinachofukiwa ni chujio lililotobolewa.

5. RISASI NA ZEBAKI

Uchafu wa tatu ni mbaya kuliko yote, kwa kuwa hauliki. Jani huoza, mafuta huliwa polepole, lakini madini ya risasi hayaozi wala hayaliwi. Yakiingia udongoni yanakaa. Vijidudu wengi hupungua, kazi ya kuozesha hulegea, na wanaobaki ni wale waliozoea sumu. Tena imeonekana kwamba bakteria waliozoea madini mazito mara nyingi huwa wamezoea pia dawa za hospitali, maana kinga za namna hizo mbili hurithiwa pamoja. Basi udongo uliotiwa sumu huweza kulea vijidudu ambao daktari hawawezi.

Huko Mombasa, katika kijiji cha Owino Uhuru, kilifunguliwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Kilifanya kazi mpaka 2014. Moshi na maji yake viliingia katika udongo, katika nyumba na katika damu ya watu. Bi Phyllis Omido, aliyeajiriwa kiwandani humo, aliona mtoto wake akiugua. Vipimo vikaonyesha risasi. Akaacha kazi, akaungana na wanakijiji, akakamatwa, hakunyamaza. Tarehe 16 Julai 2020 mahakama ya mazingira mjini Mombasa iliamuru wanakijiji walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na udongo usafishwe. Baada ya rufaa, Mahakama ya Juu iliirudisha hukumu hiyo Desemba 2024. Tuone jambo hili kwa macho ya mfanyakazi: Wa kwanza kuvuta moshi ule walikuwa wale walioshika kazi kiwandani, nao walirudi nyumbani na vumbi katika nguo zao.

Zebaki ina hila yake. Katika tope lisilo na hewa, wale bakteria wa salfeti huweza kuigeuza zebaki ya kawaida kuwa zebaki ya aina nyingine, iliyo kali zaidi, inayoingia katika miili ya samaki na kupanda hadi kwa anayewala. Dunia iliona ukali wa zebaki ya aina hiyo huko Minamata, Japani. Kule kiwanda chenyewe kiliitengeneza na kuimwaga baharini tangu 1932 hadi 1968, na ugonjwa ukatangazwa rasmi mwaka 1956. Waliopooza na kufa walikuwa hasa wavuvi na jamaa zao. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaotumia zebaki katika nchi zetu wajue kwamba ile inayotiririka na maji ya kuoshea haipotei. Inangoja topeni.

6. SHIMO LINALOUA

Sasa tufike kwenye jambo tulilolitaja mwanzo. Tulisema: Penye uchafu wa kuoza pasipo hewa, vijidudu hutengeneza gesi ya yai viza. Mahali hapo si mikokoni tu. Ni shimo la choo. Ni mtaro wa maji machafu uliofunikwa. Ni tanki la molasi, shimo la maganda ya kahawa, bwawa la kiwanda cha ngozi, na tumbo la meli lenye maji yaliyokaa.

Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hivyo hulala chini. Ikiwa kidogo, pua inaisikia. Ikizidi, pua hufa ganzi na mtu hasikii harufu yoyote. Anadhani gesi imekwisha, kumbe ndipo imekuwa kali. Akivuta mara chache huanguka na kufa. Mwenzake anayemwona huruka ndani kumwokoa, naye huanguka. Wa tatu huwafuata. Ndivyo inavyotokea shimo moja kuua watu wawili au watatu kwa siku moja, na watu wakasema ni uchawi. Si uchawi. Ni kazi ya vijidudu na uzembe wa aliyewatuma.

Sheria tunazotaka kila tawi lizibandike ukutani ni hizi:

(a) Asishuke mtu katika shimo, mtaro au tanki kabla hewa yake haijapimwa kwa chombo. Pua si chombo.
(b) Hewa safi ipulizwe ndani kwanza, na iendelee kupulizwa muda wote wa kazi.
(c) Anayeshuka afungwe mkanda na kamba, na juu wakae watu wa kumvuta.
(d) Mwenzio akianguka, usimfuate bila kifaa cha kupumulia. Mvute kwa kamba, ita msaada. Ni vigumu, lakini ukiruka mtakuwa maiti wawili.
(e) Pasiwe na sigara wala moto karibu, maana gesi za humo huwaka.

Kinga hii ni haki. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi aliyejitoa mahali penye hatari kubwa iliyo karibu, kwa sababu ya maana, asiadhibiwe. Na Juni 2022 mkutano mkuu wa Shirika hilo uliweka usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi za wafanyakazi.

7. TUFANYE NINI?

Hatusemi viwanda vifungwe. Tunaishi kwa viwanda hivyo. Lakini hatukubali kuambiwa tuchague baina ya kazi na uhai, maana kiwanda kinachotia sumu udongo huishia kufungwa na mahakama, na siku hiyo mfanyakazi hukosa vyote viwili.

Kwanza, kila tawi lijue mabaki ya mahali pake pa kazi yanakwenda wapi. Fuateni bomba kwa miguu mpaka mwisho wake. Andikeni mlichokiona, tarehe na saa.

Pili, katika mazungumzo ya mkataba wa pamoja, dai la mabaki liwemo: chujio, tanki la kuozeshea, vifaa vya kupimia hewa, nguo za kazi zifuliwe kazini zisipelekwe nyumbani, na damu ya wanaoshika risasi ipimwe kwa gharama ya mwajiri.

Tatu, oili chafu ya gereji na karakana isimwagwe mtaroni. Ikusanywe katika mapipa. Hili halingoji mwajiri. Tunaweza kuanza sisi wenyewe kesho.

Nne, tushirikiane na wavuvi, wakulima na wanakijiji wanaoishi chini ya bomba letu. Wao huona samaki waliokufa kabla sisi hatujasikia. Wakija kulalamika langoni, wasituone kuwa adui.

MASWALI YA MJADALA

1. Kwa nini mafuta hukaa muda mrefu zaidi katika tope la mikoko kuliko katika mchanga?
2. Mahali petu pa kazi kuna mashimo, mitaro au matanki mangapi ambayo watu hushuka? Mara ya mwisho hewa yake ilipimwa lini, na nani?
3. Mabaki ya kiwanda au shamba letu yanakwenda wapi? Je, yanaweza kutumiwa kama ya mkonge wa Hale?
4. Nani miongoni mwetu anashika risasi, zebaki au asidi ya betri? Anarudi nyumbani na nguo gani?

Katibu wa tawi asome somo hili kwa sauti katika mkutano, kwa ajili ya wasiojua kusoma, na majibu ya swali la 2 yaandikwe na kupelekwa kwa mwajiri kwa barua, nakala ibaki ofisini.